Mkate Chini ya Mlima Meru

Mkate wa ngano ni mgeni wa juzijuzi Arusha. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wa miteremko ya Mlima Meru, yaani Wameru upande wa mashariki na kusini-mashariki na Waarusha upande wa kusini na magharibi, waliishi kwa ndizi, maharage, ulezi, mahindi na maziwa. Loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando ambacho bado hupikwa majumbani, kimetokana na ulaji huo. Tanuri halikuwapo wala hapakuwa na haja ya kulijenga: ndizi haisagwi, na chungu juu ya mafiga kilitosha. Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko mkate wa mofa ulichomwa kwa unga wa mtama katika tanuri la udongo, mkate wa kumimina ulipikwa kwa mchele, na tembo la mnazi ndilo lililoumua unga kabla hamira ya pakiti haijajulikana. Misafara ya Pangani ilipita chini ya mlima ikitafuta pembe, ikanunua vyakula vya wenyeji na kuendelea na safari. Ufundi wa tanuri haukupanda nayo.

Anayetafuta historia ya mkate wa Arusha basi hana budi kuanza na ngano, si na waokaji. Kila unga ulipobadilisha mikono, kutoka kwa mlowezi hadi shirika la umma na kutoka kwa shirika hadi mwagizaji wa ngano ya ng'ambo, mkate uliouzwa mjini ulibadilika bei, umbo na hata mlaji wake.

Mwanzo wake ni wa shari. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Wajerumani wakajibu kwa misafara ya adhabu iliyoongozwa na Kapteni Johannes kutoka Moshi. Mashamba yakaharibiwa na ng'ombe wakaporwa. Mwaka 1899 na 1900 likajengwa boma la Arusha kwa kazi ya shuruti. Jengo hilo bado limesimama na leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mbele ya boma yakaota maduka ya Wahindi na Waarabu, na humo ndimo unga wa ngano ulimoanza kupatikana, bidhaa ya maofisa na wafanyabiashara, iliyosafirishwa kutoka mbali na kuuzwa kwa bei ya mbali.

Ngano yenyewe ilifuata upesi. Kati ya 1904 na 1906 Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza waliingia na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapewa ardhi kuzunguka mlima, hasa upande mkavu wa kaskazini na magharibi kuelekea Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki. Wajerumani waliowahi kuishi Urusi nao wakaletwa mwaka 1906 na kuwekwa Leganga, karibu na Usa River. Wengi wao hawakudumu. Makaburu walijaribu ngano, mahindi na mifugo. Baadhi yao walichoka na utawala wa Wajerumani, wakavuka mpaka kwenda Uasin Gishu, Kenya. Uwanda huohuo ndio ambao Uingereza ilikuwa imependekeza mwaka 1903 uwe makao ya Wayahudi, na Mkutano wa Kizayuni ukaukataa mwaka 1905. Kama wangeukubali, huenda bagel, mkate wa mviringo wa Wayahudi wa Poland, ingeuzwa Eldoret kabla ya Eldoret kuwa mji.

Mkaburu wa safarini hakubeba tanuri. Alilitafuta njiani, na mara nyingi lilikuwa kichuguu. Kichuguu kilitobolewa pembeni, tumbo lake likakombwa, kisha kuni zikawashwa ndani kwa saa kadhaa mpaka kuta zikashika moto. Makaa yakatolewa, donge la unga ulioumuka likaingizwa, na tundu likazibwa kwa jiwe na tope. Udongo wa kichuguu umefinyangwa na mchwa, ni mgumu na huhifadhi joto, kwa hiyo mkate uliiva bila moto kuonekana. Mikate mingine ilikatwa vipande na kukaushwa mara ya pili, ikawa mikavu kiasi cha kukaa miezi bila kuota ukungu. Nyumba za kudumu zilipojengwa, tanuri la matofali lilichukua nafasi ya kichuguu, lakini kanuni ilibaki ileile: moto kwanza, mkate baadaye, katika chumba kilekile. Wenyeji waliujua ufundi huo kama wapishi na vibarua wa jikoni, katika nyumba za walowezi na katika vituo vya misheni kama Nkoaranga na Ilboru. Walioka mkate kwa miaka mingi kabla hawajaweza kuununua.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani. Mashamba yao yaliuzwa, na Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, wakilima kahawa na mkonge. Reli kutoka Moshi ilifika Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920, na ndiyo iliyoufanya mji uwe mji. Hoteli, klabu, ofisi na nyumba za watumishi zilihitaji mkate kila asubuhi, na palipo na wanunuzi wa kila asubuhi ndipo kiwanda cha mikate kinapoweza kuishi. Afrika Mashariki nzima kazi hii ilishikwa kwa sehemu kubwa na Wahindi na Wagoa. Wagoa walikuja na uzoefu wa tanuri kutoka koloni la Wareno, ambako mkate wa ngano ulikuwa umezoeleka kwa karne kadhaa, na walijulikana kwa upishi kutoka Zanzibar hadi Nairobi.

Alama kubwa zaidi ya zama hizo imebaki katika ramani. Kata ya Unga Limited, kusini-magharibi mwa katikati ya mji, imepata jina kutokana na kinu cha kusaga nafaka. Kampuni ya Unga Limited ilianzishwa Kenya mwaka 1908 na walowezi wakiongozwa na Lord Delamere, ili ngano yao isiishie ghalani bali isagwe palepale na kuuzwa. Kinu cha namna hiyo si jiwe la kusagia lililokuzwa. Ngano hupepetwa, hulowekwa kidogo ili ganda lilainike, kisha hupitishwa kati ya jozi za magurudumu ya chuma yanayoichana hatua kwa hatua. Pumba huenda upande mmoja, unga mweupe upande mwingine. Pumba zililiwa na ng'ombe, unga ukaliwa na wenye mshahara. Makazi ya wafanyakazi na wapangaji yalizunguka kinu, na leo Unga Limited ni moja ya sehemu za mji zenye msongamano mkubwa wa watu, ambao wengi wao hawana habari na Delamere.

Vita vya Pili vya Dunia vilifanya nafaka kuwa silaha. Meli zilikuwa chache, majeshi yalihitaji chakula, na serikali ya kikoloni ikaingia kulima yenyewe: kuanzia 1942 mpango wa ngano wa Jimbo la Kaskazini ulifungua maeneo makubwa, likiwamo la mbuga ya Ardai kati ya Arusha na Monduli, malisho ya Wamaasai. Ni mara ya kwanza kwa dola kuamua kwamba upungufu wa mkate utatibiwa kwa ardhi ya wafugaji. Haikuwa ya mwisho.

Mwaka huohuo wa 1942 waliwasili watu ambao kwao mkate haukuwa kifungua kinywa tu. Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, waliachiliwa baada ya mkataba wa Julai 1941 kati ya serikali yao iliyokuwa uhamishoni London na Moscow. Jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders liliwatoa kupitia Iran. Wanaume wenye nguvu walikwenda vitani. Wanawake, watoto na wazee walisambazwa katika makoloni ya Uingereza. Karibu 18,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kusini, wakawekwa katika makambi zaidi ya 20, yakiwamo Masindi na Koja nchini Uganda. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, kilomita chache mashariki mwa Arusha. Ilifikia watu wapatao 5,000, katika vibanda vya mviringo vyenye paa za nyasi. Mji wa Arusha wenyewe wakati huo ulikuwa mdogo.

Katika makambi ya Kisovieti watu hao walipimiwa mkate kwa gramu, na aliyeshindwa kutimiza kazi alipunguziwa. Walipofika Tengeru walikuta mlima wa kijani, maji ya mifereji na Wameru wanaouza ndizi na mayai. Kambi ilikuwa na shule, hospitali, karakana na shamba lake; ilikuwa na kanisa la Kikatoliki, nyumba ya ibada ya Waorthodoksi na sinagogi. Makaburi ya Tengeru, ambayo hadi leo yanatunzwa na kutembelewa na wageni kutoka Poland, yana misalaba ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi, na pia makaburi ya Wayahudi.

Hapa ndipo historia ya bagel inapokaribia zaidi Mlima Meru, kwa sababu bagel ni mtoto wa Poland. Ni mkate mdogo wenye umbo la bangili, na kinachoutofautisha na mikate mingi ni kwamba huchemshwa kabla ya kuokwa. Kumbukumbu yake ya mwanzo kabisa imo katika kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków za mwaka 1610, zinazoutaja kama zawadi kwa mwanamke aliyejifungua. Jamaa yake mkubwa, obwarzanek wa Kraków, unaosokotwa kwa nyuzi mbili za unga na kuchemshwa vivyo hivyo, umetajwa katika hesabu za nyumba ya kifalme mwaka 1394, enzi za Malkia Jadwiga. Wapolandi wa Tengeru, Wakatoliki kwa Wayahudi, walitoka katika nchi ambako mikate hiyo ya mviringo iliuzwa mitaani ikiwa imetungwa kwenye kamba au kijiti.

Kuchemsha si mbwembwe. Unga wa bagel hukandwa mgumu, maji yakiwa karibu nusu tu ya uzito wa unga, kwa ngano yenye protini nyingi. Donge huviringishwa kuwa kamba, huzungushwa kiganjani na ncha zikakutanishwa, kisha hulazwa mahali pa baridi liumuke polepole. Asubuhi hutumbukizwa katika maji yanayotokota, mara nyingi yenye kimea au asali, kwa nusu dakika hadi dakika moja kila upande. Wanga wa juu huiva papo hapo na kufunga ngozi; ndani ya tanuri ngozi hiyo huzuia mkate kufura sana, ndiyo maana bagel hung'aa nje na kutafunika ndani. Arusha iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na maji huchemka kwa nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Mchemsho huchukua muda kidogo zaidi, na hamira, kwa hewa nyepesi, huumua unga haraka kuliko Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, baridi ya Juni na Julai chini ya Meru huuchelewesha tena. Mwokaji wa Arusha hufuata donge linavyopanda, si saa ya ukutani.

Kambi ya Tengeru haikuacha bagel mitaani, wala haikukusudiwa kuacha chochote. Mwaka 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland ya London, na uangalizi wa wakimbizi ukaingia mikononi mwa mashirika ya kimataifa. Wachache walirudi Poland. Wengi walikwenda Uingereza, Australia na Kanada. Mwaka 1949 yatima wapatao 150 waliondoka Tengeru na hatimaye wakapokewa Kanada, chini ya ulezi wa kasisi Lucjan Królikowski, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu safari yao. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na eneo lake likawa la mafunzo na utafiti wa kilimo na mifugo, kazi inayoendelea hadi sasa. Bagel ilifika Amerika kwa njia nyingine, na mapema zaidi, kupitia wahamiaji wa Kiyahudi wa New York na Montreal.

Miaka hiyohiyo ambayo Wapolandi walikuwa wakitafutiwa makao ya kudumu, Wameru walikuwa wakifukuzwa kwao. Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki, ikachoma nyumba zao ili mashamba ya mifugo ya Wazungu yapate nafasi. Nyama na maziwa ndivyo vilivyotajwa, si ngano. Siagi ya kupaka mkate wa wengine ilikuwa imewafikisha hapo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati huo, ila kesi hiyo iliwaamsha watu katika nchi nzima kisiasa, na chama cha TANU kikazaliwa miaka miwili baadaye.

Arusha ndiko pia sera iliyobadilisha mkate wa nchi nzima ilikoandikwa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Januari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5, na ndani ya siku chache makampuni makubwa ya kusaga nafaka yalikuwa mali ya umma. Mwaka 1968 yakawekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa herufi zake, NMC. Meneja wake mkuu wa kwanza, J. K. Chande, alikuwa mmoja wa wamiliki waliotaifishiwa vinu. Aliombwa akaongoze kile alichonyang'anywa, akakubali. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 iliwagusa wafanyabiashara wengi wa Kihindi, na familia nyingi zikahama, hasa kwenda Kanada na Uingereza. Mwokaji aliyebaki alipata unga kwa mgawo wa NMC, na baada ya Tume ya Taifa ya Bei kuanzishwa mwaka 1973 hakuwa na uhuru wa kupanga bei ya mkate. Unga usipofika, tanuri lilizimwa.

Serikali iliona tatizo ni uchache wa ngano, ikatafuta dawa Hanang, wakati huo sehemu ya Mkoa wa Arusha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilisaidia mradi mkubwa wa ngano chini ya shirika la NAFCO: wataalamu, matrekta, mashine za kuvunia, mbegu. Mashamba saba yalifunguliwa katika nyanda za Basotu, takribani ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig. Kituo cha utafiti cha Selian, pembeni mwa mji wa Arusha, kilizalisha aina za ngano za nyanda za kaskazini, nyingine zikaitwa Mbuni, Tausi na Kware. Kwa zao ambalo adui yake shambani ni ndege kwelea kwelea, aliyechagua majina hayo alikuwa na ucheshi, au hakufikiria kabisa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwasikiliza, lakini Mahakama ya Rufani ikaipa ushindi NAFCO mwaka 1985.

Kanada hiyohiyo ilisaidia pia kujenga Dar es Salaam kiwanda cha mikate cha kujiendesha kwa mitambo, katika miaka ya 1970. Mchumi Andrew Coulson alikichambua na kuonyesha kwamba mkate uleule ungeweza kuokwa kwa gharama ndogo zaidi na viwanda vidogo vingi, vikiajiri watu wengi zaidi. Hoja yake haijachakaa. Tanuri la matofali linahitaji kuni, mikono na unga. Tanuri la mitambo linahitaji vipuri, fedha za kigeni na umeme usiokatika, na miaka iliyofuata haikutoa hata kimoja.

Mpaka wa Namanga, wa kuingia Kenya, ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Vita vya Kagera vilifuata, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Sukari, sabuni, unga na mkate vikawa vitu vya foleni. Arusha, kwa kuwa karibu na Kenya, ilikuwa na faraja ya magendo na hatari yake pia. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli, aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na mwenye magunia ya ziada alikuwa na la kujibu. Novemba mwaka huohuo mpaka ulifunguliwa. Mwaka 1984 waagizaji waliruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na rafu zikaanza kujaa. Barabara kuu ya biashara ya Arusha leo inaitwa Sokoine.

Uhaba huo ndio uliolipa andazi ushindi wake, na hili halisemwi vya kutosha katika historia ya uokaji. Mkate wa slesi unahitaji tanuri, bati za kuokea na kiwanda; andazi linahitaji karai, mafuta, kilo moja ya unga na mama mwenye jiko la mkaa. Unga hukandwa usiku na sukari, hamira na iliki kidogo, hufunikwa kwa kitambaa karibu na mafiga ili baridi isiuzuie, na alfajiri husukumwa, hukatwa pembe tatu na kutumbukizwa. Lililoumuka vizuri hujigeuza lenyewe likibonyezwa kidogo. Kabla ya saa moja asubuhi genge lina maandazi, chapati na vitumbua, na wanafunzi, makondakta na wachukuzi wa soko la Kilombero wamekwisha kunywa chai. Chapati ya Kihindi, kitumbua cha pwani na ngano ya mlowezi vilikutana katika karai hilo bila kuuliza nani alimtangulia nani. Aliyetaka keki au mkate wa kuumua bila tanuri naye alikuwa na njia: sufuria yenye mfuniko mzito, makaa machache chini na mengi juu.

Tanuri lilirudi kwa nguvu miaka ya 1990. NMC ilikuwa imechoka, vinu vikapita mikononi mwa watu binafsi, na kampuni ya Said Salim Bakhresa, aliyeanza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ikawa msagaji mkubwa wa ngano katika ukanda huu. Arusha yenyewe ilipata walaji wapya. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ikawekwa katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC na kufanya kazi hadi Desemba 31, 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, makao makuu yakiwa hapahapa. Majaji, mawakili, wakalimani na familia zao walikaa miaka, si wiki. Mkate wa Kifaransa, mkate wa unga usiokobolewa na keki za siagi vikapata soko la kudumu Njiro, Kijenge na katikati ya mji.

Utalii ulifanya zaidi. Kila gari linaloondoka asubuhi kwenda Manyara, Ngorongoro au Tarangire hubeba maboksi ya chakula cha mchana, na ndani ya kila boksi kuna kitu kilichookwa: slesi mbili zenye kuku au yai, skonzi, kipande cha keki. Kampuni zinazoongoza watalii huagiza jioni na kuchukua kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo bekari nyingi za Arusha hufanya kazi usiku msimu wa watalii unapopamba moto, Juni hadi Oktoba. Bagel hufuata msafara huo. Huokwa kwa ajili ya migahawa ya wageni, hupakwa jibini au kujazwa mayai, na haijawahi kuwa bidhaa ya genge. Sababu si ladha. Kipande kimoja chenye unga mgumu, usiku mzima wa kuumuka, maji ya kuchemsha na moto wa tanuri hakiwezi kushindana kwa bei na andazi, na mnunuzi wa Ngarenaro anajua hesabu.

Mgao wa umeme wa 2006 na 2011 uliwakumbusha wenye matanuri ya umeme kwa nini babu zao wa kazi walipenda matofali. Wengi hutumia dizeli au gesi, na wadogo bado wanatumia kuni.

Lililobadilika kuliko yote ni asili ya unga. Msaada wa Kanada Hanang ulikoma miaka ya 1990, mashamba ya NAFCO yakagawanywa, mengine yakienda kwa wawekezaji na mengine yakirudishwa vijijini. Ngano bado hulimwa Hanang, Karatu, Monduli na upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na kiasi kikubwa cha shayiri hulimwa katika ardhi hiyohiyo, kwa sababu viwanda vya bia hununua kwa mkataba na kwelea kwelea hawachagui. Ugonjwa wa kutu ya shina wa aina ya Ug99, uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ulithibitishwa Tanzania mwaka 2009. Mahitaji ya nchi yanakadiriwa kuwa tani milioni 1 kwa mwaka, na mavuno ya ndani ni sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zote huja kwa meli, kutoka Urusi, Australia na kwingineko, husagwa Dar es Salaam na kupandishwa kilomita zaidi ya 600 hadi Arusha. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, athari ilifika chini ya Meru kupitia mfuko wa unga. Mwenye kiwanda hupandisha bei ya mkate kwa sababu uzito wake umeandikwa kwenye mfuko. Mama wa genge, ambaye andazi lake halina uzito ulioandikwa popote, hulipunguza ukubwa kwanza na kuacha bei ilivyo.